Mtaalamu yupo Dar es Salaam na sisi tupo Lindi: je, mzazi anaweza kuongoza tiba ya mawasiliano ya mtoto mwenye usonji?

MamaMtanda ameuliza:

Asalamu aleikum, na habari za jioni kwa wote.

Ninaishi Lindi mjini, kata ya Mtanda. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka minne mwezi uliopita. Mwaka jana, baada ya kuzunguka kwa muda mrefu kati ya zahanati, hospitali na wazee waliotushauri kila mmoja kwa namna yake, tulipata rufaa ya kwenda Dar es Salaam, na huko daktari wa watoto alituambia kwamba ana usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na watu. Masikio yake yalipimwa na hayana tatizo. Anakula, ingawa kwa kuchagua sana, anakimbia, anapanda kila kinachopandika, na simu ya baba yake anaijua kuliko mwenye simu. Lakini hazungumzi nasi. Ana maneno sita hivi, na nusu yake ni vipande vya matangazo ya redio anavyovirudia kutwa nzima pasipo kumwambia mtu. Akitaka maji haniangalii. Hunishika kifundo cha mkono na kuuvuta mkono hadi kwenye mtungi, kana kwamba ni mkono ndio utakaompa maji na si mama yake.

Mtaalamu wa lugha na usemi aliyemwona alitutaka tumpeleke mara mbili kwa wiki. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, baba yake ni fundi seremala, nami ninauza chai na vitumbua; tulikwenda mara tatu, tukaishiwa. Sasa nimesikia kwamba ipo tiba ambayo mzazi ndiye anayeiongoza nyumbani, akielekezwa na mtaalamu mara chache tu. Ninaomba kuuliza kwa dhati: je, hii ni tiba kweli, au ni maneno ya kututuliza sisi tulio mbali? Na mzazi hufanya nini hasa? Tangu turudi nimekuwa nikikaa naye kila jioni na kumwambia, "Hii nini? Sema kikombe. Sema mama," na kadiri ninavyomhimiza ndivyo anavyojikunyata ukutani na kuziba masikio. Ninaogopa kwamba ninamharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Mama mkwe wangu, ambaye anampenda sana mjukuu wake, anasema watoto wa kiume huchelewa na nimwache. Jirani ananishauri nitafute mtu wa kumtoa shetani. Mwenye uzoefu naomba anisaidie.

MzaziMikindani amejibu:

Wa aleikum salaam, dada yangu. Pole kwa mahangaiko, na hongera kwa kuifikia hiyo rufaa, kwa maana wengi wetu huku kusini hatufiki hata hapo.

Binti yangu sasa ana miaka minane, na tulianza alipokuwa na minne na nusu. Jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, ni tiba, na inataka mzazi afundishwe kama fundi anavyofundishwa kazi. Nilidhani ningepewa orodha ya maneno ya kumkaririsha mtoto. Kumbe kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kunyamaza.

Nitakueleza siku moja tu, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho. Mtaalamu aliniambia nirekodi dakika kumi za kucheza na binti yangu, nicheze kama ninavyocheza siku zote, kisha niitazame video hiyo kabla ya kumtumia. Niliiegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai pale uani. Binti alikuwa na ndoo ya maji, sufuria na kata, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga, mchezo ambao angeucheza mpaka adhuhuri. Usiku, watoto wakiwa wamelala, nikaitazama. Katika dakika nne za mwanzo nilikuwa nimemwuliza maswali 27. Nilihesabu mara mbili. Hakujibu hata moja, na mimi sikuwa nimempa hata sekunde tatu za kujibu kabla ya kumrushia lingine. Dakika ya tano, akiwa amemaliza kumwaga, aliinua kata tupu, akaishikilia hewani, akanitupia jicho usoni. Halikudumu hata sekunde moja. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinama upande, ninamtafutia kijiko ili nimwambie "sema kijiko". Kata ikashuka, akarudi kwenye maji yake. Dada yangu, nililia, kwa sababu miaka minne nilikuwa nikisema mtoto huyu haniangalii.

Ndipo nikaelewa kazi yenyewe. Unakaa chini, mbele yake na si nyuma yake, uso wako ukiwa usawa na wa kwake. Unakiacha ulichokiandaa wewe, unakifuata anachokishika yeye, hata kama ni kupanga vifuniko vya soda kwa saa nzima. Unamtazama na kumsubiri, na kusubiri huko ni kugumu kuliko unavyodhani. Mimi nilikuwa nikihesabu hadi kumi kimoyomoyo huku nimeuma midomo. Akitoa ishara yoyote, iwe jicho, sauti, mkono, au hatua moja ya kukusogelea, unaijibu mara moja kana kwamba amesema neno. Maneno yako yanakuwa machache, tena yanahusu kile anachokifanya yeye wakati huohuo: "maji", "yanamwagika", "yamekwisha". Maswali unayaweka kando kabisa. Baadaye, mchezo ukishazoeleka, unaacha pengo ili aone kwamba zamu ni yake. Sisi tulikuwa tukihesabu "moja, mbili…" halafu nakaa kimya nimeinua kata juu, na maji hayamwagiki mpaka atoe ishara yoyote ile. Mwanzoni ilikuwa kupepesa macho tu. Baadaye ukaja mguno, kisha mkono. Neno lake la kwanza alilolielekeza kwangu, si la kukariri, lilikuwa "tena", na lilikuja mwezi wa nane tangu tuanze.

Kuhusu mtoto wako kukuvuta mkono: usimnyime maji mpaka aseme "maji". Nilifanya hivyo zamani, na nilichokipata ni kilio na chuki ya mtungi. Anapokuvuta, nenda naye, lakini ukifika chuchumaa ili uso wako uwe kati ya mkono na mtungi. Chukua kikombe, kishike karibu na uso wako, subiri kidogo. Akikutazama au asipokutazama, sema "maji" kwa upole, kisha mpe. Kumbuka kwamba kukuvuta mkono tayari ni mawasiliano. Amekufuata wewe, hakumfuata mwingine.

Binti yangu leo anasema sentensi za maneno matatu au manne. Bado ana usonji, na msimu wa ngoma za unyago tunalazimika kumhamishia kwa shangazi yake kwa sababu ya kelele. Lakini ananiita. Kama una simu inayorekodi, unaweza kuanza kesho.

MuuguziKusini amejibu:

Ninafanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto mkoani Mtwara. Mimi si mtaalamu wa usemi, lakini suala hili nimelisoma kwa miaka kadhaa kwa sababu akina mama huniuliza, na ningependa kuongezea upande wa ushahidi, maana MamaMtanda ameuliza kama ni tiba kweli na anastahili jibu lenye vipimo.

Utafiti unaotajwa zaidi ulifanyika Uingereza, katika miji ya London, Manchester na Newcastle, ukiongozwa na Profesa Jonathan Green wa Chuo Kikuu cha Manchester, na ulihusisha watoto 152 waliokuwa na umri wa kuanzia miaka 2 hadi kabla ya kutimiza 5. Kundi moja liliendelea na huduma za kawaida. Katika kundi la pili, wazazi waliongezewa vikao vya kutazama video zao wenyewe pamoja na mtaalamu, karibu kila baada ya wiki mbili kwa miezi sita ya kwanza na mara moja kwa mwezi kwa miezi sita iliyofuata, huku nyumbani wakitenga kama nusu saa kwa siku. Alichokieleza MzaziMikindani kuhusu kata na ndoo ndio msingi wa njia hiyo. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2010, namna wazazi walivyowajibu watoto wao ilikuwa imebadilika sana, na watoto walikuwa wakianzisha mawasiliano zaidi, lakini dalili za usonji zilizopimwa na watu wasiojua mtoto yupo kundi gani zilikuwa zimepungua kidogo tu, kiasi kwamba kitakwimu haikuweza kusemwa kwamba tiba ndiyo iliyozipunguza.

Wengi wangeishia hapo. Watafiti waliwafuatilia watoto hao kwa takriban miaka sita, wakafanikiwa kuwapima 121, na matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliobaki na dalili kali walikuwa asilimia 46 katika kundi ambalo wazazi walifundishwa, na asilimia 63 katika kundi jingine. Tofauti hiyo si ndogo kwa tiba isiyo na kidonge wala mashine. Hata hivyo ninaomba tuisome kwa uangalifu: karibu nusu ya watoto waliopata tiba bado walikuwa na dalili kali, na katika suala la wasiwasi na woga makundi hayakutofautiana. Nawasihi wazazi wasimwamini mtu yeyote anayewaahidi kwamba mtoto ataacha kuwa na usonji.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Lindi na Mtwara ni lile lililofanyika Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistani, ambako njia hiyohiyo ilirekebishwa ili itolewe majumbani na wahudumu wasio mabingwa, kwa kuwa mabingwa huko nao ni wachache. Watoto walikuwa 65, na matokeo yalitolewa mwaka 2016. Wazazi walijifunza kujibu ishara za watoto, na watoto walianzisha mawasiliano na wazazi wao mara nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo lina mafunzo yake kwa walezi wa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa aina hii, yenye vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yaliandikwa yakilenga yatolewe hata na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kabla ya kufikiria tena safari ya Dar es Salaam, ulizia kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine hapo Lindi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huku kwetu kama yupo mtaalamu wa usemi, wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) au wa afya ya akili anayeweza kukuona hata mara moja kwa mwezi na kuzitazama video zako. Usimalize safari hii peke yako. Mzazi anaongoza, lakini anahitaji jicho la pili.

Neno la mwisho, na ninalisema kwa uzito. Katika karne iliyopita walikuwapo madaktari waliofundisha kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Fundisho hilo lilikuwa kosa, limeachwa, na liliwaumiza wanawake wengi. Tukisema mzazi abadili namna ya kucheza na mtoto, hatusemi kwamba namna yake ya zamani ndiyo iliyoleta usonji. Mtoto mwenye usonji hutoa ishara ndogo na kwa nadra, hivyo anamhitaji mtu mwenye ujuzi wa kuziona zaidi ya ule unaomtosha mtoto mwingine. Hukumharibu mwanao, mama.

BabaTandahimba amejibu:

Ninawashukuru waliotangulia, na ninakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila niseme lisilosemwa. Hiyo nusu saa kwa siku iliandikwa na watu ambao hawakuwa na msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba hadi Desemba hapa kwetu hakuna aliye na nusu saa, na nikiwa mkweli, kila nilipoona maelekezo ya tiba ya nyumbani nilikuta kwamba "mzazi" maana yake ni mama, juu ya kuni, maji, shamba na watoto wengine. Mke wangu alifikia mahali akawa anamwogopa mtoto, kwa sababu kila akimwona anaona kazi ambayo hajaifanya.

Tulichofanya ni kuacha kutafuta muda mpya. Kijana wetu, ambaye ana miaka sita, anapenda sana kupanga vitu. Wakati tunatenganisha korosho na mabibo, mimi hukaa naye mkabala, ninampa korosho moja moja. Ninaishika, ninasubiri, anatazama mkono, siku nyingine anautazama uso, ninasema "korosho", ninampa, anaiweka kwenye mstari wake. Ninampa kumi, kumi na tano, halafu anachoka, nami ninamwacha aende. Asubuhi mama yake hufanya hivyohivyo wakati wa kumwogesha, na kaka yake mkubwa wakati wa kula. Hakuna hata mmoja wetu anayefanya nusu saa, lakini ukijumlisha tunaizidi. Baba wanaosoma hapa, ninawaomba mshike sehemu yenu. Mtoto huyu hanifahamu mimi kwa kuambiwa kwamba ni baba. Ananifahamu kwa zile korosho.

MamaMtanda ameandika tena:

Nimesoma yote mara tatu, na majibu ya dada wa Mikindani nimemsomea mume wangu. Mwenyezi Mungu awalipe. Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, nyumbani mama mkwe huzungumza naye Kimwera, sisi Kiswahili. Mtu mmoja alituambia kwamba tunamchanganya na kwamba bibi aache kabisa kuzungumza naye. La pili, tulishauriwa kutumia picha, aonyeshe picha ya chakula au maji, lakini ninahofia kwamba akizoea picha hatahangaika kusema.

MwalimuMasasi amejibu:

Shikamooni wakubwa, na MamaMtanda karibu. Nimefundisha katika kitengo cha elimu maalumu kwa muda mrefu, na maswali haya mawili huulizwa na karibu kila mzazi.

Bibi asinyamazishwe. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wanaolelewa katika lugha mbili na wale wa lugha moja hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawachelewesha zaidi. Kwa upande mwingine hasara ya kumnyamazisha bibi inaonekana waziwazi: mtoto mwenye watu wachache wa kumjibu anapunguziwa mmoja, tena yule mwenye subira kuliko wote nyumbani. Katika kazi hii mlezi anatakiwa azungumze kwa lugha inayomtoka moyoni, kwa sababu sauti, uso na wimbo wa maneno vinakwenda pamoja, na lugha ya kujilazimisha huvitenganisha. Mfundishe mama mkwe kusubiri na kufuata, basi. Kimwera chake kiache kama kilivyo. Nimewaona mabibi wakilishika jambo hili haraka kuliko sisi walimu, kwa kuwa hawana haraka ya kumaliza somo.

Kuhusu picha, hofu yako inaeleweka lakini ushahidi hauiungi mkono. Watoto wanaotumia picha au ishara za mikono hawapungukiwi usemi kwa sababu hiyo, na baadhi yao husema zaidi, kwa kuwa wameshaonja faida ya kueleweka. Jambo la kuangalia ni kwamba picha iletwe kwa mtu. Akiichukua picha ya maji na kuiweka mkononi mwako, umepata zamu moja ya mazungumzo. Akiigusa ukutani na kuondoka zake, bado. Anza na picha mbili tu, ya kitu anachokipenda sana na ya kitu anachokipenda kiasi, na uzichore au uzipige kwa simu zifanane na vitu vya nyumbani kwenu. Kikombe cha kwenye picha kiwe kikombe chake hasa.

Na simu ya baba yake msiifiche moja kwa moja, mtaanzisha vita. Kaeni naye mkitazama video anayoipenda, isimamisheni pale anapopapenda zaidi, mkasubiri. Ni pengo lile la "moja, mbili…".

MamaMtanda ameandika tena:

Shikamoo Mwalimu. Bibi amefurahi mno, ameanza kumwimbia tangu leo asubuhi.

Jana jioni nilirekodi kama nilivyoelekezwa, simu nimeiegemeza kwenye mfuko wa unga. Nilijitahidi kunyamaza na bado nimejihesabia maswali 11 katika dakika tano. Alikuwa akipanga vitumbua vilivyonibakia, akivigeuza upande mmoja. Nami nikachukua kimoja, nikakigeuza kama alivyofanya yeye, nikakaa kimya. Alikichukua kutoka mkononi mwangu, akakipanga, kisha akaurudisha mkono wangu kwenye sahani. Nilidhani anausukuma aondokane nami, ndivyo nilivyoelewa wakati ule. Nilipotazama video nikaona kwamba hakuusukuma, aliuweka juu ya kitumbua kinachofuata, akausubiri.

Tulifanya saba. Cha nane alikila.

MzaziMikindani amejibu:

Hicho kipande kihifadhi, usikifute hata simu ikijaa. Ukipata mtaalamu wa kukuona, huko Sokoine au kwingine, mwonyeshe kuanzia pale alipouweka mkono wako. Na leo jioni uwe na vitumbua vya kutosha.